Kijitabu cha wasifu wa bibi, nimekitengenezea hapa Dodoma, nawapa nyota 4

Niseme mapema kabisa, kama unatafuta watu wa kukuprintia fulana za msiba usiku mmoja na asubuhi zianze kuvaliwa, hawa siyo, utagombana nao bure. Hawa wana kafremu kadogo mitaa ya Majengo, ukiingia utadhani ni stationari kama stationari nyingine tu, fotokopi, pasipoti saizi, lamineshoni, kadi za harusi, watoto wa shule wanaoprinti mitihani. Ila wana huduma moja ambayo mimi sijakutana nayo kwingine hapa mjini, wanakufuata nyumbani, wanakaa na wazee, wanarekodi stori za marehemu, halafu wanaandika na kuprinti kijitabu. Jina lao siliweki hapa kwa sababu kuna lawama moja nzito huko chini na biashara yao bado changa, sitaki kuwaharibia.

Kwanini tulihitaji kitu kama hiki. Mnajua wasifu wa msibani unavyokuwaga. Usiku wa kuamkia mazishi anatafutwa mpwa mmoja aliyesoma, anapewa peni na karatasi iliyochanwa kwenye daftari la michango, anakaa pembeni ya turubai na tochi ya simu, anauliza bibi alizaliwa lini, kila mtu anajibu la kwake. Kesho yake anasomewa huyo marehemu: alizaliwa mwaka fulani, alisoma mpaka darasa fulani, akaolewa, akajaliwa watoto saba, mmoja ametangulia mbele za haki, na kuanzia hapo ni ugonjwa mwanzo mwisho. Alianza kusumbuliwa na presha, akapelekwa kituo cha afya, akahamishiwa hospitali ya wilaya, akapewa rufaa, akawekewa dripu, hali ikabadilika saa nane usiku, Bwana ametoa na Bwana ametwaa. Wiki tatu za mwisho zinakula nusu ya karatasi na maisha mengine yote yamebanwa kwenye mistari minne.

Ya bibi yetu ilikuwa hivyohivyo. Wakati tunarudi kutoka makaburini mama alikuwa amekaa siti ya mbele hasemi kitu, tumekaribia nyumbani ndo akasema, "mbona hawajasema habari ya muheme?" Basi. Hakuongeza neno. Na ni kweli, mtu aliyepiga ngoma ya muheme tangu msichana mpaka magoti yakakataa, ngoma imebanwa katikati ya mapaja, shanga kifuani, sauti inasikika mpaka kijiji cha pili, unamsoma mbele za watu dakika tano na muheme haimo lakini dripu imo. Kwahiyo mwaka ulipokaribia kutimia na ukoo ukakubaliana kujengea kaburi na kuweka msalaba, mimi na binamu zangu tukasema safari hii tutafanya vizuri.

Bei sasa, maana najua ndo mnachotafuta. Kurekodi na kuandika walitutoza laki mbili na nusu, hapo mafuta ya kwenda Kongwa, nyumbani kwa bibi, na kurudi ni juu yako. Kuprinti 3,500 kwa kitabu kimoja, kurasa 16, kava ya rangi, sisi tulichukua 80. Picha kubwa ya fremu elfu arobaini. Unalipa nusu advansi na nusu ukichukua mzigo, M-Pesa au keshi, risiti wanaandika kwa mkono. Kwenye kundi la familia mjomba alilalamika sana, hela hiyo si tungeongeza mbuzi, na kwa hesabu ya mbuzi mjomba alikuwa sahihi kabisa. Kuna jamaa wengine mjini hapa wanafanya video na droni, hao tulipouliza bei tukaaga kwa heshima.

Sasa hiyo siku ya kurekodi ndo iliyonifanya niandike haya yote. Walikuja wawili, kijana na dada mmoja, tukaondoka Dodoma asubuhi tukapita Mbande mpaka nyumbani. Kijana mwenyewe ni mtu wa Mbeya, wala hakuficha, lakini alivyoingia uani alivua kofia akasema "Mbukwenyi", salamu ya Kigogo, kwa wazee wote waliokaa pale, halafu akaenda mmoja mmoja na shikamoo, hakufungua begi wala kugusa kifaa chochote mpaka ameulizwa habari za safari, mvua huko mjini, wazazi wake wako wapi, ameoa au bado. Mimi nilikuwa naangalia saa. Yeye wala. Ugali wa uwele ukaja na mlenda, akala na akaomba aongezwe, na mnajua mlenda wa kukausha kama hujauzoea unavyokushinda kuukata na mkono, yeye alipambana mpaka wazee wakaanza kucheka na kumfundisha. Hapo ndo akaweka kinasa sauti juu ya kigoda.

Ishu ya kwanza ilikuwa mwaka wa kuzaliwa. Kitambulisho cha NIDA cha bibi kinasema 1952, kadi ya kura ya zamani inasema 1949, kadi ya kliniki ya presha kuna mtu ameandika 1940, nadhani nesi alimtazama tu akakadiria. Msibani tulisoma ile ya NIDA kwa sababu ina nembo ya taifa. Sasa mama mkubwa, mtoto wa kwanza wa bibi, cheti chake cha ubatizo ni 1963, ina maana kwa mahesabu ya NIDA bibi alizaa akiwa na miaka kumi na moja, na tulisoma hivyo mbele ya mchungaji na diwani hakuna aliyeshtuka.

Kijana hakuuliza mwaka hata mara moja. Alimgeukia dada yake bibi ambaye bado yupo, tunamwita bibi mkubwa, macho hayaoni vizuri lakini kichwa kiko vilevile, akamuuliza, "bibi, yale matrekta ya karanga yalipokuja, mdogo wako alikuwa anatembea?" Aisee. Yule bibi alicheka, akapiga goti lake kwa kiganja, akasema atembee wapi, nilikuwa nimembeba mgongoni, nikakimbia naye porini, nilivyosikia mlio nikajua dunia inapasuka, Wazungu wanang'oa mibuyu. Kwa wasiojua, Waingereza walikuja Kongwa na mpango wao mkubwa wa kulima karanga mwaka 1947, wakaleta mitambo, wakahangaika na mibuyu yetu na udongo wetu mgumu na mvua zetu zisizoeleweka, 1951 wakaufuta, na sehemu ya ardhi ile ndo ranchi ya taifa unayoipita leo. Shule tulifundishwa hiyo kama hasara ya serikali ya Uingereza. Sikuwahi kuwaza kwamba bibi yangu alikuwepo, mgongoni kwa dada yake, analia. Basi wakaandika alizaliwa yapata 1945 au 1946, na chini wakaeleza kwanini, mistari miwili tu.

Kumbe wanakuja na karatasi ya matukio wameiandaa kabisa, ya kila wilaya wanayokwenda. Uhuru, njaa za miaka fulani fulani, operesheni ya kuhamishia watu kwenye vijiji vya ujamaa kule mwanzoni mwa miaka ya sabini, siku Mwalimu Nyerere alipofariki 1999. Wanamtupia mzee tukio, wanauliza wakati ule mlikuwa mnakaa wapi, nani alikuwa tumboni, mlikuwa mnakula nini. Mzee anaanza kwa "sikumbuki mimi" na baada ya nusu saa mnabadilisha betri.

Kwenye operesheni ndo tulijua kwamba bibi alihama na mlango. Yaani tembe lao la zamani, ile nyumba ya udongo ya Kigogo, liliachwa kule bondeni, na yeye akabeba ule mlango wa mbao kichwani mpaka kijiji kipya kwa sababu aliuchonga baba yake, na ndo mlango uliopo jikoni mpaka leo, ule ambao sisi wajukuu tumeuandika andika kwa mkaa na tukachapwa wote kwa mstari. Nilikuwa nikidhani alichapa kwa sababu ya uchafu.

Halafu mjomba, yuleyule wa mbuzi, akaamka. Akasema bibi enzi za ujana wake baada ya kuolewa alikuwa anauza karanga za kuchemsha na ubuyu pale kwenye kambi ya wapigania uhuru. Kambi ya Kongwa hiyo, miaka ya sitini, walikuwepo watu wa FRELIMO ya Msumbiji, wa ANC ya Afrika Kusini, wa SWAPO ya Namibia, vijana wa watu wako mbali na kwao wanafanya mazoezi kwenye vumbi la Ugogo. Na kulikuwa na mmoja wa Msumbiji alimzoea bibi, akawa anamwita dada, siku wanaondoka akamwachia blanketi la kijivu. Mama akaruka, "lile lenye mstari mwekundu?" Ndiyo. Tumelilalia wote lile blanketi, lilikuwa linawasha balaa, likaja kuishia kumfunika mbuzi mwenye mimba msimu wa baridi na hakuna aliyejua lilikotoka.

Sasa mjomba akanogewa. Akataka iandikwe kwamba aliyetoa blanketi ni Samora Machel mwenyewe, aliyekuja kuwa rais wa Msumbiji, kwa sababu Samora alipita Kongwa, hilo linajulikana. Nikasema haya tumeisha. Kijana akamwambia taratibu, "mjomba, kama kuna mtu alimsikia bibi akisema ni Samora tutaandika, kama hakuna tuandike mpigania uhuru mmoja kutoka Msumbiji, wasomaji wenyewe wakitaka kuwaza Samora wawaze." Wazee wakacheka, mjomba akakubali. Mimi hapo ndo niliwapa nyota zao, hata kabla sijaona karatasi. Maana ukimlipa mtu laki mbili na nusu ni rahisi sana akuandikie unachotaka kusikia.

Jambo jingine la hekima ilikuwa orodha ya watoto. Babu alikuwa na wake wawili, na mnajua orodha ya watoto kwenye wasifu ilivyo hatari, nani ametajwa kwanza, nani ameitwa "wa kambo", mtu anaweza kukasirika mpaka kizazi cha tatu. Wao wakachora mti wa ukoo kurasa mbili za katikati, babu juu, bibi zetu wawili kila upande, matawi yanashuka, majina yote saizi moja. Wale wa upande wa mke mwingine walikuja siku ya ibada wakafungua ukurasa huo kwanza, nikawaona wanaonyeshana kwa vidole, na baba mkubwa wa upande ule akaomba kopi tano. Wino wa pale katikati umeingia kidogo kwenye mkunjo, jina la kitukuu mmoja limemezwa na pini, mama yake amelipigia mstari kwa kalamu. Sawa tu.

Haya, lawama.

Picha. Bibi tuna picha yake moja nzuri, ya studio, nyeusi na nyeupe, miaka hiyo ana shuka begani na anaangalia kamera utadhani inamdai. Tukawapa waiskani wakaifanyie marekebisho, imechakaa pembeni na ina michirizi. Siku mbili tatu baadaye wananitumia WhatsApp, nafungua, namwona mama mmoja mzuri sana simjui. Ngozi imeng'arishwa mpaka inateleza, mikunjo hakuna, ndewe za masikio, zile zilizotogwa zikavutwa zikawa ndefu, zimejazwa zikawa masikio ya binti wa juzi. Na ile alama ya duara katikati ya paji la uso, ile ya wazee wetu wa Kigogo, wanayosema walichanjwa utotoni kama kinga ya macho, imefutwa. Nyuma wameweka mawingu, miale ya jua na njiwa wawili. Nikampelekea mama simu bila kusema kitu. Akaangalia, akasogeza mbali, akavaa miwani, akaniuliza, "huyu nani?"

Nilipiga simu siku hiyohiyo na nilikuwa mkali kwelikweli. Kumbe anayefanya picha siyo wale wawili waliokuja Kongwa, ni dizaina mwingine anakaa dukani tu na kompyuta, yeye alivyoona lile duara akajua ni doa la picha ya zamani, akasafisha. Masikio anasema programu ilifanya yenyewe. Nikamwambia huyo dizaina, mdogo wangu, hilo doa ndo bibi. Mwanamke aliitwa bibi wa Kigogo popote alipokwenda kwa sababu ya hilo duara, hata hospitali manesi walikuwa wanamsalimia Kigogo kabla hajafungua mdomo, halafu wewe unamfuta kwa mausi. Mimi bibi alikuwa akiniita mke mwenza, nilipokuwa mdogo kila nikilala naye nilikuwa napitisha kidole kwenye lile duara mpaka nasinzia, leo nimlete mbele ya kaburi lake hana.

Kwa haki yao, waliomba radhi bila ubishi na skani ya awali walikuwa wameitunza, picha ya pili ilikuja safi, wameondoa michirizi tu na kurudisha ile pembe iliyochanika, uso hawakugusa. Tatizo likabaki kwenye lile bango kubwa la kuweka getini, walikuwa wameshaliprinti na ile sura ya kwanza kabla hatujasema ndiyo. Wakataka tulilipie. Tukavutana pale dukani, mwisho tukagawana hasara, sisi nusu wao nusu, na mpaka leo naona hatukustahili kulipa hata mia. Hiyo ndo nyota iliyopotea. Ukienda kwao sema kwa mdomo na uandike kwenye oda yako kabisa: uso usiguswe. Na bango lisiprintiwe mpaka uone picha kwa macho yako, siyo kwenye simu yenye kioo kilichopasuka kama changu.

Kuchelewa nako kupo. Waliahidi Alhamisi, vitabu vimekuja Ijumaa usiku na gari la abiria la mwisho, Noah, boksi limefungwa kwa kamba ya manila na limekaa chini ya kuku wa mtu. Ibada ni Jumamosi asubuhi. Binamu wa Dar walishafika na treni ya SGR, wamefika mpaka nyumbani wamepumzika, vitabu bado viko Mbande, wewe fikiria presha niliyokuwa nayo. Vitatu vilikuwa na kurasa zimegeuzwa kichwa chini, hivyo tukawapa wajukuu.

Maandishi yenyewe nimeyapenda. Herufi kubwa, wazee walisoma bila kusogeza mkono mbali. Kiswahili chao cha kawaida, hakuna "mpendwa wetu ametutoka ghafla kama ua", sentensi fupi, wanamnukuu mtu kama alivyosema. Ugonjwa umepewa aya moja mwishoni, jina la ugonjwa, muda aliougua, nani alimuuguza, tarehe, basi. Muheme ina ukurasa mzima, na wamemuuliza mama mkubwa mpaka namna bibi alivyokuwa anaipasha ngoma moto kwenye jua kabla ya kupiga, anaigonga kwa kidole, anasikiliza, anaigeuza, anaigonga tena, na watu wote wanasubiri hakuna anayethubutu kumharakisha. Nimesoma hapo nikasikia kabisa kile kidole. Zabibu wamezisahau, bibi alikuwa na mizabibu michache nyuma ya nyumba miaka ya mwishoni na alikuwa akiipigania na ndege kwa matusi ya kila aina, hilo nimewaambia waliongeze.

Zile rekodi walitupa zote kwenye flashi, hawakubania, na hiyo peke yake kwangu ina thamani kuliko kijitabu. Bibi mkubwa yumo humo dakika arobaini anaongea Kigogo bila kusimama. Kigogo chenyewe hawakukiandika, walituambia ukweli kwamba hawawezi, tutafute mtu wetu. Afadhali hivyo kuliko wangeandika ovyo.

Kama unakwenda, nenda nao mapema, mwezi kabla, siyo wiki kabla. Wazee waambiwe siku yao ili wapumzike na wasiwe na kliniki siku hiyo. Picha zote za zamani kusanya mahali pamoja hata zile mbovu. Na uandae chakula, siyo kwa ajili ya vijana, ni kwa sababu wazee wakiwa wanakula wanabishana, na ubishi ndo unaotoa stori.

Mimi sasa hivi nimeoda kopi nyingine ishirini maana zile 80 ziliisha kabla hata pilau haijapakuliwa, na mama mdogo wa Kibaigwa aliyekuwa jikoni muda wote akakosa. Hajanisamehe mpaka leo. Nikipiga simu anapokea mtoto wake, anasema mama yupo ila anasema hayupo.